Muulize Bibi: Mayai ya Zamani za Vita

SWALI: Shikamoo Bibi. Mwalimu wetu wa historia ametufundisha kwamba wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia, kila mtu Uingereza alikuwa na haki ya yai moja kwa wiki, tajiri kwa maskini. Kaka yangu anabisha. Anasema kuku hatagi kwa amri ya serikali. Nani mkweli?
Mwanafunzi wa kidato cha tatu

JIBU: Marahaba, mjukuu wangu. Kaka yako kamzidi mwalimu kidogo, ila usiende kumwambia mwalimu kuwa ni mimi niliyesema.

Mgawo wa chakula Uingereza ulianza tarehe 8 Januari 1940 kwa siagi, sukari na bekoni. Chai ikafuata Julai mwaka huohuo. Kwa vitu hivi serikali ilikuwa imejifunga. Ukishajiandikisha kwa mwenye duka wako na kitabu chako cha mgawo unacho, sukari yako ya wiki ni yako. Kwa sehemu kubwa ya vita ilikuwa aunsi 8, yaani kama gramu 227.

Mayai hayakutiwa humo. Kuanzia Juni 1941 yalipangiwa utaratibu wake. Duka lilipelekewa mayai kwa kadiri ya wateja walioandikishwa pale. Wizara ya Chakula ikitangaza mgao, kila mteja anachukua lake, mwenye duka anatia alama kwenye kitabu, basi, mpaka mgao mwingine utangazwe. Kuku wakichangamka kutaga, mgao ulikuja haraka. Majira ya baridi, mchana unapofupika na kuku wanapopunguza kutaga, watu walikaa wiki nzima na zaidi bila kuona yai. Kwa hiyo yai moja kwa wiki lilikuwa tegemeo la watu, na serikali haikuwahi kuapa kulitoa.

Mimi nimetunza bohari ya shule ya bweni mpaka nikastaafu, kazi yangu kugawa chakula kwa kipimo, na kwa maoni yangu hapa Wizara ilitumia akili sana. Waziri wake tangu Aprili 1940 alikuwa Lord Woolton, mtu aliyetoka kwenye biashara ya maduka. Sukari unaipima, unaiweka ghalani, unajua mwezi ujao utakuwa na magunia mangapi. Yai linaharibika, linavunjika njiani, na nusu yake humpi mtu. Ukiahidi usichonacho, siku kikikosekana watu hawakuamini tena hata kwa kile ulichonacho. Wanafunzi wangu walivumilia maharage mepesi muhula mzima bila kelele. Waliogoma ni wale walioambiwa Jumapili kuna nyama, wakaja na sahani zao wakakuta kabichi.

Uhaba wenyewe ulikuwa na sababu mbili. Kabla ya vita mayai mengi yaliletwa kutoka nje, Denmark na Uholanzi zikiwamo, na nchi hizo mbili zilitekwa na Wajerumani Aprili na Mei 1940. Pili, kuku wa Uingereza wenyewe walikula nafaka za ng'ambo, na meli zilikuwa zinazamishwa baharini. Ngano ukiisaga inalisha watu wengi kuliko ukimpa kuku kwanza ukangoja atage. Chakula cha kuku kikakatwa, na kuku wengi wakaishia chunguni.

Sasa hilo la tajiri kwa maskini. Bei ya yai ilipangwa na serikali, kwa hiyo dukani mwenye pesa hakuweza kumpiku asiye nazo kwa kupandisha dau. Wajawazito walikuwa na kitabu chao cha kijani, na mgao ukitoka walipata maradufu. Mimi naliona hilo ndilo haki hasa: huwezi kumpimia sawasawa mama anayelisha wawili na kijana wa ofisini. Lakini usidanganyike kwamba hapakuwa na mianya. Mwenye uwezo aliingia hotelini akala bila kutoa kitabu. Juni 1942 serikali ikaweka kikomo cha shilingi 5 kwa mlo, na fundi wa kawaida hakuwa na shilingi 5 za kuchezea kila jioni. Huko mashambani nako mayai yaliuzwa kwa mlango wa uani, kwa jamaa na marafiki.

SWALI: Bibi, waliokuwa na kuku wao nyumbani walipataje? Walikula yao na ya dukani pia?
Mfugaji

JIBU: Hapana, walitakiwa kuchagua. Ukitaka pumba za serikali kwa ajili ya kuku wako, unafuta jina lako dukani kwenye mayai, na kila jina lililofutwa lina kipimo chake cha pumba. Jambo linalonifurahisha ni kwamba majirani nao waliruhusiwa kufuta majina yao kwa faida ya mwenye kuku. Yeye anapata pumba zaidi, wao wanapata mayai kwake. Pumba zenyewe hazikutosha, hivyo maganda ya viazi na mabaki ya mboga yalichemshwa, yakapondwa na kuchanganywa nazo. Aliyewahi kuchemsha chakula cha kuku kwenye jiko la ndani anaijua ile harufu, haitoki kwenye mapazia.

Bila shaka hesabu hiyo ilizaa ugomvi wa ujirani, maana kuku wakigoma kutaga jirani hana pa kurudi kwa wiki hiyo.

SWALI: Je, kweli walikula mayai ya unga?
Mpishi

JIBU: Walikula, tangu 1942. Yalitoka Marekani, yamekaushwa maji yote ili yasijaze meli bure. Pakiti moja ilihesabiwa sawa na mayai 12, na kwa kawaida mtu alipata moja kila wiki nne. Kijiko kikubwa kimoja cha unga, sawasawa bila kilima, na viwili vya maji, hilo ni yai moja. Kwenye keki lilifanya kazi vizuri. Kulikaanga ndiko kulikowashinda wengi, lilitoka gumu kama soli. Na hawakuachana na udhibiti wa mayai vita vilipokwisha. Uliondolewa tarehe 26 Machi 1953.