Siga laini ya bei nafuu: kosa ni la tumbaku au la mvutaji?

Swali: Mzee, habari za kazi. Nilinunua siga tano za bei nafuu hapa Kampala, muuzaji akaniapia kwamba ni laini. Ya kwanza iliungua upande mmoja mpaka ikawa kama mtumbwi, ikazimika mara tatu, na kuelekea mwisho ikawa chungu kama mwarobaini. Siga ni mbovu, au mimi ndiye sijui kuvuta? Na ladha yake naipimaje?
Msomaji, Ntinda

Jibu: Ndugu yangu, zile nne zilizobaki usizitupe. Nilianza kazi kwa kupanga madaraja ya tumbaku ghalani, Hoima, na huko nilijifunza kupapasa jani kabla ya kulinusa. Siga ni hivyo hivyo: anza na unyevu.

Siga hutaka hewa yenye unyevu wa asilimia 65 hadi 70. Msimu wa mvua Kampala hupita hapo bila shida, na siga iliyoachwa wazi rafuni huunyonya kama chumvi ya jikoni. Shika moja, ibonyeze polepole karibu na sikio. Ikibaki na alama ya vidole, imelowa. Ikilia kama jani kavu la mgomba, imekauka mno. Nzuri hubonyea kidogo, kisha hurudi.

Zako zimelowa, kwa jinsi ulivyoeleza. Zifungie kwenye kopo lisilopitisha hewa pamoja na pakiti ya kudhibiti unyevu ya asilimia 65, uzisahau wiki tatu. Ukinunua kipimo cha unyevu, usikiamini hivi hivi. Jaza chumvi kwenye kifuniko cha soda, idondoshee maji mpaka iwe kama uji mzito, kisha ifungie na kipimo ndani ya mfuko wa plastiki kwa saa 24. Kinapaswa kusoma 75. Kikisoma 81, basi kila ukikitazama punguza 6.

Sasa huo mtumbwi. Kuna chanzo cha mvutaji na chanzo cha mfungaji. Wengi huwasha katikati tu na kuanza kuvuta. Wewe zungushia moto ukingo wote kwanza, bila kuugusisha, mpaka uwe mwekundu sawasawa. Kiberiti kinafaa, ila acha kichwa chake kiungue kiishe. Halafu kaa pasipo upepo, barazani kwako, maana sheria ya mwaka 2015 inakataza kuvuta mahali pa umma na ndani ya mita 50 kutoka hapo. Upande ukichelewa, ugeuze uelekee chini. Ukishafanya yote hayo na upande ule ule ukazidi kubaki nyuma, majani ya ndani yalipangwa vibaya kiwandani. Hapo huna kosa.

Siga nyingi za bei hiyo hujazwa vipande vifupi vya majani badala ya majani marefu. Huungua haraka, hupata joto, na majivu yake huanguka mapema. Usiidai majivu marefu, haikuahidi hayo. Idai mvuto usiobana na moto usiozimika ukiuvuta mara moja kwa dakika. Ukiharakisha zaidi ya hapo, uchungu umeuleta mwenyewe.

Ladha usiionje baada ya rolex, ile chapati ya kuviringishwa na mayai, yenye vitunguu. Kunywa maji tu. Ikate kidogo kichwani, upande wa kutia mdomoni, kama milimita 2, uvute kabla hujawasha: nyasi kavu na utamu wa mbali ni dalili njema. Ikiwaka, siga laini yenye jani la nje la rangi ya kahawia hafifu hutoa karanga, mbao kavu, pengine kitu kama maziwa ya moto. Harufu kali ya mkojo, inayochoma pua, ni amonia ya tumbaku ambayo haijachachushwa vya kutosha, na kasoro hiyo ndiyo siisamehe kwa bei yoyote. Uchungu wa theluthi ya mwisho, kwa upande mwingine, ni lami iliyojikusanya. Iache izimike yenyewe.

Tena "laini" ni habari ya ladha, si ya nikotini. Moshi wa siga hupitisha nikotini kwenye ngozi ya ndani ya mdomo hata usipoumeza, na madhara yake yapo pale pale. Ukisikia kizunguzungu, weka chini.

Vuta mbili kati ya hizo nne, siku tofauti, ndipo uamue. Moja haitoshi, hata gunia la maharage halihukumiwi kwa punje moja.