Usimkatie mzee laktulosi kwa sababu ya safari

Hapana. Usimwachishe hata siku moja, hata kama basi halina choo, hata kama ukoo mzima unamsubiri ukumbini. Umeuliza kama unaweza kumsimamishia baba yako mgonjwa wa ini laktulosi, ile dawa tamu ya chupa, siku tatu ili asihangaike njiani kutoka Mwanza mpaka Dar, kwa kuwa inamwendesha mara tano kwa siku. Mimi nilipofika hapo kwenye kusimamisha moyo ulinilipuka, maana hiyo safari naijua. Nimesafiri hivyo hivyo na baba yangu.

Baba ini lake limesinyaa, homa ya ini B aliyokaa nayo miaka bila kujua. Alipotoka wodini mara ya kwanza alipewa vidonge vya kukojoa vya kupunguza maji ya tumboni, na chupa za laktulosi, mililita 30 mara tatu kwa siku. Hakuna aliyetukalisha chini akatueleza ile ya chupa inafanya nini. Wiki ya sendofu ya dada yangu nikaenda duka la dawa kuongeza chupa. Muuzaji akaigeuza mkononi, akasema: "Hii ni ya kulainisha choo tu. Mzee anapata choo? Basi achana nayo, tumbo likiizoea halitafanya kazi lenyewe." Kavaa koti jeupe, anaongea kwa uhakika, nami nikamshukuru! Hakuniuliza mgonjwa anaumwa nini. Hakuuliza hata umri wake. Miaka minne imepita na hasira haijaniisha. Kama hujui, sema hujui, umrudishe mtu kwa daktari wake. Neno moja la dukani lilitaka kumuua baba yangu.

Tukaacha siku mbili kabla ya kuondoka. Asubuhi ya safari tukamnyima na maji ya kunywa ili asisumbuke, huku vidonge vya kukojoa kameza kama kawaida. Mpaka Shinyanga alikuwa mzima anapiga stori. Singida tukanunua mayai ya kuchemsha dirishani. Akalimenya lake taratibu, vizuri kabisa, kisha yai akalitia mfuko wa shati na maganda akayatia mdomoni. Nikacheka, nikadhani anatutania. Baadaye akaanza kuniita jina la marehemu kaka yake, akaniuliza ng'ombe wameshanywa maji? Tunakaribia Dodoma alikuwa anakoroma na haamki, unamfinya haamki. Huyu wa kiti cha nyuma anasema karogwa, yule anasema malaria imepanda kichwani.

Hospitalini daktari aliuliza swali moja kabla ya yote: mara ya mwisho kupata choo ni lini? Tukatazamana. Siku ya nne hiyo. Wakamwekea dripu, na ile ile laktulosi niliyoona ni ya kupoteza hela wakampitishia kwa mpira wa puani na kwa enema, yaani kwa njia ya haja kubwa. Alifumbua macho siku ya pili usiku. Alipoambiwa anyooshe mikono mbele, viganja vilikuwa vinapigapiga kama mbawa za ndege anayetua. Sherehe ilifanyika bila baba. Dada alikuja wodini bado ana hina mikononi, akapiga magoti pembeni ya kitanda, na baba akamuuliza wewe ni mtoto wa nani.

Ndipo daktari akatueleza. Bakteria wa utumboni wakishughulika na mabaki ya chakula inatoka amonia, ambayo ni sumu. Ini zima linaigeuza kuwa yurea, tunaikojoa. Ini lililosinyaa linaiachia inapita na damu mpaka kwenye ubongo. Laktulosi ni sukari ambayo utumbo mdogo hauwezi kuimeng'enya, kwa hiyo inafika utumbo mpana ikiwa nzima, bakteria wanaichachusha inakuwa asidi, na amonia ikikutana na asidi inanaswa humo humo, hairudi kwenye damu, inatoka na choo. Choo chenyewe ndiyo tiba, ndugu yangu.

Kwa hiyo shika hili: choo laini mara 2 hadi 3 kwa siku. Hiyo ndiyo namba. Ikishuka chini ya 2, sumu inajikusanya. Mara tano, tena kama ni maji matupu, kipimo kimezidi, na mwili ukikauka akili inavurugika vile vile. Mpigie daktari leo akwambie upunguze mililita ngapi. Kupunguza, siyo kuacha. Sisi tuna kaunta buku limefungwa kamba kwenye msumari wa mlango wa choo, baba akitoka anachora kijistari mwenyewe. Alikuwa mwalimu, na mwandiko wake ndio unatuamsha: vijistari vikianza kupinda, au akilala mchana kutwa na usiku anazunguka nyumba, tunaenda hospitali bila kusubiri. Na asije mtu akampa kidonge cha usingizi usiku huo! Vidonge hivyo vinaweza kumzamisha kabisa.

Safari igaweni mara mbili, mlale Dodoma. Mnunulieni pampasi za watu wazima, mwambieni kondakta mapema kwamba mna mgonjwa, chupa ikae kwenye mkoba wa mkononi na siyo kwenye buti la basi. Maji anywe kama daktari wake alivyomwelekeza. Mzee akiona aibu, mwanawe wa kiume akae naye kiti kimoja.

Sasa nijibu: jana alikwenda mara ngapi, na kilikuwa laini au maji matupu?