Msalato usikimbizane na treni ya Dar

Mleta mada anauliza kiwanja kipya cha ndege cha Msalato, hapa Dodoma, ni cha nini wakati SGR, treni ya umeme, inatufikisha Dar kwa saa tatu na ushee. Mkuu, mimi nakata tiketi za ndege hapa mjini tangu kabla serikali haijahamia. Haja ipo, ila si kwa abiria wa Dar.

Huyo tumeshampoteza. Treni ilipoanza kufika Dodoma Julai 2024, nauli ya kawaida ilikuwa 31,000, na inakushusha katikati ya jiji, si Kipawa ambako foleni bado inakusubiri. Kwangu waliobaki ni anayeunganisha ndege ya nje pale JNIA, kiwanja cha Dar kilichopo Kipawa, na anayelipiwa na ofisi. Huyu wa pili huja na Bunge na kuondoka na Bunge. Kipindi cha bajeti, Aprili hadi Juni, siti ya Ijumaa jioni naitafuta kwa tochi. Bunge likiahirishwa, ndege ileile inaondoka nusu tupu. Shirika gani litapanga ratiba ya mwaka mzima kwa abiria wa hivyo?

Wanaoniumiza kichwa ni wa Mbeya, Arusha na Zanzibar. "Kaka, hakuna ya moja kwa moja?" Siku nyingi namtuma Dar kwanza, alipie vipande viwili na pengine alale huko. Akisikia hivyo, anaenda zake kupanda basi. Hapo ndipo pa kuwekeza. (Mwanza nayo wanaiulizia, lakini reli inajengwa kuelekea huko, nisingeitegemea sana.) Njia hizi hazitaki Airbus, inatosha ndege ya pangaboi ya viti sabini na kitu, mara tatu kwa wiki, siku zilezile mwaka mzima, mtu azoee. Wenzetu nje humpunguzia shirika ada ya kutua mwaka wa kwanza wa njia mpya. Kwetu viwanja vingi viko chini ya TAA, Mamlaka ya Viwanja vya Ndege, kwa hiyo punguzo la hivyo litoke makao makuu. Meneja wa kiwanja peke yake hana cha kuweka mezani.

Mizigo? Bila vyumba vya baridi kiwanjani, kusafirisha zabibu na nyama kwa ndege kutabaki hadithi.

Kuna pesa nyingine isiyotoka kwenye ndege, ya kupangisha fremu za maduka ndani ya kiwanja. Kiwanja cha sasa kiko mjini, abiria anashuka kwenye bajaji dakika za mwisho, begi mkononi, moja kwa moja kwenye ukaguzi. Hanunui hata maji. Msalato ni kilomita kama 12 kutoka mjini, watu watawahi na watakaa. Na jengo limepangwa kuhudumia abiria milioni 1.5 kwa mwaka! Nachoogopa ni kodi za bei ya Dar, kisha kila fremu iuze maji na biskuti. Wateja wangu wakiondoka huulizia ubuyu, asali, zabibu za msimu. Wapangishe kwa asilimia ya mauzo, si kodi ya kudumu, la sivyo mama wa ubuyu atafunga Bunge likiahirishwa tu.