Cinque Terre: mguu, boti au treni?
Dada umeuliza siku mbili Cinque Terre, vile vijiji vitano vya pwani ya Italia, zinatosha na uende kwa mguu, boti au treni. Zinatosha, ila changanya vyote. Lala La Spezia, mji wa jirani, treni za pale kijiji hadi kijiji ni dakika chache tu, alfajiri uanzie Monterosso upige mguu mpaka Vernazza, kama masaa mawili hivi, ngazi za mawe nyembamba katikati ya mizabibu, na vaa viatu vya kueleweka, ndala wanakupiga faini. Kutoka Vernazza panda boti hadi Manarola, aisee zile nyumba zilivyong'ang'ania jabali utaziona vizuri ukiwa baharini! Corniglia boti haisimami, iko juu kabisa, ukishuka treni kuna ngazi zaidi ya 370 au subiri kibasi. Bahari ikichafuka boti hazitoki, so tiketi yake kata siku hiyohiyo.