Mbuzi wa Gileadi na "mithili ya kama"

SWALI: Kwenye harusi moja hapa Moshi, MC alimgeukia bibi harusi akasema, "Nywele zako ni mithili ya kama kundi la mbuzi wa Gileadi!" Ukumbi mzima ukaangua kicheko, maana ndafu, yule mbuzi mzima wa kuchomwa, ndiyo kwanza ilikuwa inaingia. Alimsifu au alimtukana?

JIBU: Bibi harusi alisifiwa. Kilichotukanwa ni Kiswahili.

Tuwamalize mbuzi kwanza. Sifa hiyo imo katika Biblia, kitabu cha Wimbo Ulio Bora, sura ya 4. Mbuzi wa nchi zile wengi ni weusi. Waone kwa mbali, kundi zima likiteremka mlima Gileadi, weusi unatiririka, unapinda, unanyooka: ndizo nywele zilizofunguliwa. Mshairi hakutaja harufu wala ndevu. Sisi wa Moshi mbuzi tunamjua akiwa bandani chini ya migomba, au amepiga magoti kwenye sinia na majani mdomoni, ndiyo maana mlicheka. Mstari wa pili yake meno ni kondoo waliotoka kuoshwa, kila mmoja ana mapacha, hakuna aliyefiwa. Yaani meupe, tena hayana pengo. (Mwanya si pengo, wenye mwanya msinune.)

Sasa hiyo "mithili ya kama". Mithili ni neno la asili ya Kiarabu, lina maana ya mfano. Ukishasema "mithili ya", umeshasema "kama". Kuyabandika yote mawili ni kumvika bibi harusi shela juu ya shela, halafu mnashangaa anajikwaa. Mbona MC huyohuyo hasemi "sawa na kama"? Mtangazaji wa mpira naye: "Shuti limekwenda mithili ya kama risasi!" Ama mithili ya risasi, ama kama risasi. Kipa mwenyewe ni mmoja, risasi mbili za nini? Nimeikuta kwenye mahubiri, nimeikuta kwenye insha za watoto, na mwalimu kaipigia vema kwa wino mwekundu.

Nadhani mtu huona "kama" ni neno la jikoni, halifai ukumbini, basi huliazimia koti la "mithili". Lakini wafasiri wa Biblia, kwenye nywele hizohizo, waliandika "kama" tupu, na mbuzi wakateremka salama.

MC mmoja mmoja nimeshaanza kuwasamehe, hasa chakula kikichelewa. Ila yupo anayesema "mithili ya kama vile". Huyo nimemwachia Mungu.