Usikiache kibarua chako

Sini yangu ya kwanza nililipwa elfu ishirini na sahani ya pilau. Nilivalishwa sare ya chekechea, nikaambiwa nipite mbele ya kamera nikilia. Mhusika hakuwa na jina. Zamu yangu ilipofika dairekta alipaza sauti: "Kaiteni kale kafupi!" Nikawa nimeshatolewa kwenye ngeli ya watu. Nilirudi mara tatu zaidi, maana mwenye nyumba hasubiri.

Kwa hiyo mdogo wangu unayeniuliza uanzie wapi kwenye uigizaji, jibu litakuudhi: usikiache kibarua chako. Mwigizaji Peter Dinklage wa Marekani, mwenye akondroplasia kama mimi, yaani hali ya kuzaliwa inayofanya mtu awe na kimo kifupi sana, alimaliza chuo cha Bennington mwaka 1991 akiwa na msimamo kwamba hachezi vibwengo. Msimamo haulipi kodi. Alikaa miaka sita ofisini New York akiingiza data, akaacha akiwa na miaka 29. Filamu yake The Station Agent ilitoka 2003, tamthilia ya Game of Thrones aliyocheza ikaanza 2011. Watu humhesabia tuzo zake nne za Emmy, za uigizaji wa televisheni. Mimi namhesabia ile miaka sita. Kweli, mwaka 2012 aliwaambia wahitimu wa Bennington kwamba kazi ile aliichukia. Nami siipendi meza yangu ya kutengeneza simu, lakini ndiyo iliyonipa ubavu wa kusema hapana.

Skripti ikikufikia, mfikirie mhusika akiwa mtu mrefu. Sini ikifa hapo hapo, ujue walichoandika ni kimo chako tu. Kuchekesha si dhambi, nachekesha sana, ila mzaha niutoe mimi.

Na nenda na kigoda chako. Hili sikuambiwa na mtu. Lokesheni utasubiri kutwa kwenye kiti cha plastiki, miguu inaning'inia, ikifika saa sita ganzi imeshapanda hadi kiunoni, halafu unaitwa ukimbie.

Kisha zungumza na mpiga picha mapema. Kamera ikikutazama kutoka juu, hata ukicheza hakimu utaonekana mtoto. Mwombe ashushe stendi ifike usawa wa macho yako. Wa mwezi uliopita alinuna, akashusha, ikabidi apige goti kwenye vumbi na suruali yake nyeupe. Tulirudia mara mbili tu. Saa kumi nilikuwa mezani kwangu, simu tatu zikinisubiri, moja imeingia maji.