Kodi unayolipa inaingia mfuko gani? Wakulima wenzangu tufuatilie

Mi nina duka dogo la pembejeo hapa Masasi na pia nina mikorosho niliyoachiwa na mzee, kwa hiyo hii habari ya kodi na kilimo inanigusa kotekote, nalipa dukani halafu nasubiri shambani.

Nilichojifunza ni kwamba kodi hairudi shambani kwa sababu tu umelipa, inarudi pale sheria inapotaja iende mfuko gani. Mfano ni ule ushuru wa korosho ghafi zinazouzwa nje, 15% ya thamani ya mzigo. Zamani sheria ilisema 65% ya hiyo hela iende kuendeleza zao lenyewe, ndo pembejeo, miche, utafiti. Juni 2018 Bunge likabadilisha, hela yote ikaingia Mfuko Mkuu wa Serikali, yaani kapu moja la matumizi yote ya nchi, wabunge wa kusini walipinga sana ila haikusaidia. Mi sikufuatilia, nikaona hayo ni mambo ya Dodoma. Sasa 2017 salfa, ile dawa ya kupulizia mikorosho, nilipata ya bure, 2018 ikabidi ninunue na hela sina, nikapulizia raundi mbili tu, yaani asubuhi nikiingia shambani nakuta maua yamefunikwa na ule ugonjwa wa ubwiri unga kama yamemwagiwa sembe, ukigusa tawi yanapukutika. Nchi nzima uzalishaji ulishuka toka tani 313,000 hivi msimu wa 2017/18 hadi kama 225,000 msimu uliofuata. Sababu zilikuwa nyingi jamani, ila shambani kwangu ilikuwa salfa.

Kwa hiyo kila Juni, Muswada wa Fedha ukitoka, yaani ule unaopendekeza mabadiliko ya kodi, usome au mpe kijana mwenye simu asome akuelezee, na kama kuna kitu hukiafiki mtafute mbunge wako kabla haujapita, ukishapita mnasubiri mwaka mzima.

Halafu wafanyabiashara wenzangu, tutoe risiti. Bajeti ya Wizara ya Kilimo ilikuwa bilioni 294 mwaka 2021/22, ikafika zaidi ya trilioni 1.2 mwaka 2024/25, na ruzuku ya mbolea imo humo humo. Hazina inategemea VAT (kodi ya ongezeko la thamani) ile ya 18%, 30% ya faida za makampuni, na sisi wa maduka madogo. Na kuandika mauzo kunakusaidia mwenyewe kwanza. Mwaka niliouza milioni 9 bila kumbukumbu nililipa 250,000. Mwaka uliofuata mauzo yalikuwa yale yale ila nilikuwa na kaunta buku imeandikwa kila siku, risiti nimezibana kwa mwezi, nikalipa 150,000. Laki nzima hiyo, inanunua salfa.

Na ushuru wa mazao wa halmashauri, tangu 2017 ni 3% kwa mazao ya biashara na 2% kwa chakula, ukiwa unasafirisha chini ya tani moja kutoka halmashauri moja kwenda nyingine hutakiwi kutozwa. Ukisimamishwa getini na gunia zako sita za mahindi ongea kwa heshima tu, lakini usilipe.

Mkutano wa kijiji nao usiuache, mapato na matumizi yanatakiwa yasomwe kila miezi mitatu. Kwetu wamama ndo walioanza kuuliza ushuru wa korosho umerudi kiasi gani kijijini, na safari hii mtendaji alikuja na karatasi mkononi.